Milango ya kipindupindu: kwa nini mtungi mmoja humwangusha mmoja na kuwaacha watano

Mwezi wa Mei 2024, maji ya Mto Tana yalipofunika barabara ya kwenda Lamu, nilikwama Garsen siku mbili pamoja na abiria wengine. Tulikuwa tumekaa kwenye kibanda cha chai, mazungumzo ni maji tu na maji, mzee mmoja wa Kiorma alipogeuka akanikabili. Alikuwa amesikia kwamba mimi huandika, na kwamba zamani nilisomea mambo ya maabara.

"Mwandishi," akasema, "nyumbani kwangu tuko watu sita. Mtungi ni mmoja, mto ni mmoja, kata ni moja. Mama watoto akaanza kuhara usiku, kufika alfajiri macho yamezama na sauti imemkauka. Sisi watano hatukuguswa. Kama ni maji, mbona yalimchagua yeye?"

Kabla sijafungua kinywa, kijana aliyekuwa akimimina chai akasema ni jicho la mtu. Mwengine akasema ni ile dawa ambayo watu wa afya hutia kwenye maji. Mke wa mzee alikuwa amepona, alhamdulillahi. Alivushwa kwa mtumbwi, akatiwa maji ya mshipa, na siku ya tatu akarudi nyumbani kwa miguu yake. Lakini swali lilibaki pale pale, nami nilimjibu mzee kwa haraka, jibu la mtu asiyetaka chai yake ipoe. Hili hapa ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Ugonjwa wa zamani, na jina lake la Hija

Kipindupindu si mgeni pwani hii. James Christie, daktari Mskoti aliyemtibu Sultani wa Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Humo alieleza jinsi ugonjwa wa miaka ya 1869 na 1870 ulivyotembea na watu na misafara kutoka bara, ukapita nchi ya Wamasai, ukateremka Pangani na kuvuka bahari hadi Unguja. Hakuwa na darubini ya kumwonyesha kidudu. Alikuwa na subira ya kuuliza wasafiri walipita wapi, lini, na nani alikufa kituo gani.

Aina inayotusumbua siku hizi inaitwa El Tor, na jina hilo lina historia inayotuhusu. El Tor kilikuwa kituo cha karantini kule Sinai, Misri, ambako mahujaji waliokuwa wakirudi kutoka Makka walizuiliwa kwanza wakaguliwe. Mwaka 1905 ndipo bakteria huyu alipopatikana katika miili ya mahujaji waliofia hapo. Wakati huo wengi hawakumwona kuwa ni wa hatari sana. Mwaka 1961 akaanza kuenea kutoka kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, na kufikia mwaka 1971 alikuwa ameingia Kenya. Hajaondoka duniani tangu hapo.

Wimbi moja hapa nchini lilianza Oktoba 2022, likihusishwa na sherehe ya harusi huko Limuru. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 watu zaidi ya 12,000 walikuwa wameugua na karibu 200 kufariki. Chanjo ya kumeza ilipoletwa Februari 2023, kaunti nne ndizo zilizotangulizwa: Nairobi, Garissa, Wajir na Tana River yetu. Kisha yakaja mafuriko ya El Niño mwisho wa mwaka huo, na ya masika ya 2024 juu yake. Mei 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza wagonjwa 44 wa kipindupindu Tana River. Kwa mtu wa Nairobi 44 ni idadi ndogo. Kwa mtu wa kijiji cha delta ambacho njia yake imekatika, na kituo cha afya kiko ng'ambo ya maji, mgonjwa mmoja tu ni usiku mzima wa kutafuta mtumbwi.

Nyumba yenye kuta mbili

Bakteria wa kipindupindu, kwa jina la kitaalamu Vibrio cholerae, ana umbo la koma na mkia mmoja. Nilimwona kwa mara ya kwanza nikisomea diploma Mombasa. Chini ya darubini anakwenda mbio kama kimondo, ukipepesa jicho hayupo. Ukimpanda kwenye sahani ya kijani ya maabara, anaota madoa ya manjano ambayo ukishayaona mara moja huyasahau. Mwalimu wetu alikuwa akituambia tusishangae mkia, tuangalie ngozi. Sikumwelewa mpaka miaka mingi baadaye.

Ngozi anayoizungumzia ni utando, nao si mmoja. Bakteria huyu ana tando mbili za mafuta, mmoja ndani na mmoja nje, na katikati yake kuna nafasi nyembamba kama ukumbi kati ya mlango wa nje na vyumba vya ndani katika nyumba ya Kiswahili. Utando wa nje umeota manyoya ya sukari kwa juu. Sasa mafuta hayapitishi maji yenye chumvi wala chakula, hilo kila mpishi analijua. Kiumbe aliyejifungia ndani ya mafuta matupu angekufa njaa. Kwa hiyo tando hizo zimepachikwa protini nyingi sana, kila moja na kazi yake. Nyingine ni milango ya kuingizia chakula, nyingine ni pampu za kutupa nje takataka na sumu, nyingine ni kulabu za kushikilia, na nyingine ni masikio ya kumwambia mwenye nyumba yuko wapi.

Ukisikia watu wakisema bakteria fulani "analeta" ugonjwa, uliza analeta kwa kifaa gani. Mara nyingi sana jibu liko hapo utandoni. Mtoni, katika maji ya chumvichumvi ya mlangoni mwa mto kama Kipini, kidudu hiki huishi maisha ya kimya akijishikiza kwenye magamba ya viduduvidudu vya majini vya jamii ya kamba. Hana haja na binadamu. Ugonjwa huanza anapomezwa na kugundua kwamba amebadilisha makazi.

Safari ya ndani, kituo kwa kituo

Kituo cha kwanza ni tumbo, na hapo wengi wao hufa. Asidi ya tumbo lenye afya ni kali mno kwao. Watu waliojitolea kwenye majaribio huko Marekani walikunywa bakteria hawa kwa makusudi, na ilionekana kwamba yahitajika mamilioni kwa mamilioni ili mtu augue. Lakini asidi ikishapunguzwa nguvu kwa magadi, idadi inayotosha hushuka sana. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya jibu la mzee ni hii: kata ya kwanza na kata ya sita kutoka mtungi mmoja hazibebi idadi sawa, na matumbo sita hayana asidi sawa. Mtu aliyedhoofika kwa njaa, au anayemeza vidonge vya kutuliza kiungulia kila siku, mlinzi wake wa kwanza amesinzia.

Wachache wanaopita wanaingia utumbo mwembamba na kukutana na nyongo. Nyongo kazi yake ni kuyeyusha mafuta, kama sabuni ya kuoshea sufuria, na kidudu chetu kimevaa mafuta mwili mzima. Hapa ndipo mambo ya milango yanapokuwa matamu.

Katika utando wa nje, bakteria huyu ana milango miwili mikubwa inayoitwa OmpU na OmpT. Watu wa maabara huita milango ya aina hii porini, na wala si porini ya msituni, ni neno lililotokana na Kigiriki, maana yake njia ya kupitia. OmpT ni mlango mpana, nyongo hupenya kwa urahisi. OmpU ni mwembamba zaidi, na chaji yake ya umeme huifanya chumvi ya nyongo ipate taabu kupita. Bakteria akishahisi nyongo hufunga kiwanda cha OmpT na kufungua cha OmpU. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio zuri: walimgeuza bakteria ili atengeneze OmpT mahali ambapo kwa kawaida angetengeneza OmpU. Aliishi vizuri tu kwenye chupa. Alipotiwa kwenye utumbo wa panya wachanga, nyongo ilimlemea na akashindwa kuweka makazi. Kila kingine alikuwa nacho ila mlango aliokosea.

Nani anayetoa amri ya kubadilisha milango? Ni protini nyingine, ToxR, iliyochoma utando wa ndani kama msumari uliopita ubao. Upande mmoja umetokeza kwenye ule ukumbi wa kati, unasikiliza. Upande wa pili uko ndani, umeshika maandishi ya urithi ya bakteria wenyewe. Mwaka 1987 Virginia Miller, Ronald Taylor na John Mekalanos ndio walioonyesha umbo hilo, na liliwashangaza wataalamu, kwa sababu mara nyingi bakteria hutumia protini mbili kwa kazi kama hiyo, moja ya kusikia na nyingine ya kupeleka habari. ToxR ni bawabu na tarishi kwa pamoja. Anasikia nyongo, na palepale, akisaidiwa na wenzake wa utandoni, anawasha mambo matatu: mlango wa OmpU, kulabu, na sumu.

Kulabu ni nyuzi ndefu za protini zinazoota kutoka kwenye tando na kusukwa pamoja kama kamba ya makumbi. Kwa nyuzi hizo bakteria hushikana wao kwa wao, wakafanya kundi juu ya ukuta wa utumbo na kuuzuia mkondo usiwachukue. Mwaka 1988 ilitolewa taarifa ya majaribio kwa watu waliojitolea: bakteria walionyang'anywa ToxR, au walionyang'anywa nyuzi hizo, hawakuweza kukaa katika utumbo wa binadamu. Walipita tu kama maji machafu yoyote.

Baada ya hapo inakuja sumu yenyewe, ambayo Sambhu Nath De aliithibitisha Calcutta mwaka 1959. Kwa miaka mingi hapo kabla watu walidhani bakteria anatafuna utumbo. De alionyesha kwamba hata maji yaliyochujwa, yasiyo na bakteria hata mmoja, yanatosha kuufanya utumbo wa sungura umwage maji. Sumu hiyo huundwa vipandevipande, ikaunganishwa pale ukumbini kati ya tando mbili, kisha ikasukumwa nje na mtambo wa protini uliopita kuta zote mbili. Bakteria aliye na sumu lakini hana mtambo wa kuitoa ni mwenye bunduki iliyofungiwa kabatini.

Jambo moja pembeni, kwa wanaopenda maajabu. Maandishi ya kutengeneza sumu hii hayakuwa ya bakteria tangu asili. Aliletewa na virusi, kirusi kidogo kinachowaambukiza bakteria wenyewe. Matthew Waldor na Mekalanos waliligundua hilo mwaka 1996. Na kirusi hicho huingia kwa kuzishika zile zile kulabu, na kizazi chake hutoka kwa kupitia lango lile lile la sumu. Nyumba ile ile, milango ile ile.

Mlango wetu ulioharibika, na mlango wetu uliobaki

Seli za utumbo wetu nazo zina tando na milango. Sumu ya kipindupindu hujishikiza juu yake, sehemu moja ikapenya ndani na kukwamisha swichi. Seli ikaamini imeamriwa kumwaga. Mlango mmoja wa chumvi, ambao kwa kawaida hufunguka na kufunga kwa kiasi, unabaki wazi. Chumvi inamwagika utumboni, na maji huifuata chumvi popote iendapo. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, maji meupe kama ya kuoshea mchele. Macho huzama, vidole vinakunjamana, misuli inakaza. Asipotibiwa, katika wagonjwa walioshikwa vikali karibu nusu hufa, na wengine huenda ndani ya saa chache. Wakitibiwa mapema hufa chini ya mmoja katika mia. Sijui ugonjwa mwingine ambao umbali kati ya kufa na kupona ni mfupi hivyo, na dawa yake ni rahisi hivyo.

Kwa nini ni rahisi? Kwa sababu katika ukuta ule ule wa utumbo kuna mlango mwingine ambao sumu haiugusi. Mlango huo hauingizi chumvi peke yake wala sukari peke yake. Huingiza zote mbili kwa pamoja, zikishikana mikono, na maji yakafuata nyuma. Robert Crane aliueleza mkutanoni Prague mwaka 1960. Mwaka 1968 madaktari huko Dhaka walijaribu kwa wagonjwa wa kipindupindu, ikafaa. Na mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma mamilioni ya wakimbizi India, Dilip Mahalanabis alijikuta katika kambi ya Bangaon, chupa za maji ya mshipa zimemalizika na wagonjwa wamelala sakafuni juu ya matapishi. Akaamuru maji ya sukari na chumvi yachanganywe kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wayachote na kuwanywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa kama 30 kwa kila mia vikashuka chini ya 4.

Ndiyo maana inaniuma kusikia, na Garsen nimeisikia kwa masikio yangu, kwamba mtu anayehara asipewe maji kwa sababu "ataongeza". Ni kweli kwamba ataendelea kuhara. Maji ya chumvi na sukari hayazibi mlango ulioharibika, yanaingia kwa mlango mzima upesi kuliko yanavyotoka kwa ule mbovu. Ukimnyima, umeufunga ule mmoja uliobaki.

Paketi ya ORS ni bora, lakini soma maandishi: kuna za nusu lita na kuna za lita moja, na ukikosea maji unakuwa umekosea dawa. Paketi isipopatikana, lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Mtoto chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara, wa miaka miwili hadi tisa nusu kikombe hadi kimoja, mkubwa anywe kadiri awezavyo. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena kwa kijiko. Na safari ya kwenda kituo cha afya ianze huku ananyweshwa, asingoje mtumbwi bila kitu mkononi.

Mnaniuliza juu ya madafu. Madafu yana potasiamu nyingi, nayo inafaa, lakini chumvi yake ya kawaida ni kidogo kwa mtu anayeipoteza kwa lita, basi yasiwe peke yake. Soda na juisi za dukani sukari yake imezidi, badala ya kuingiza maji mwilini zinayavuta utumboni. Uji mwepesi wa mchele uliotiwa chumvi unafaa sana. Wanga wake unavunjika utumboni polepole kuwa sukari ile ile inayotakiwa na ule mlango, na mchele watu wa delta hawafundishwi.

Antibayotiki ni msaidizi. Daktari akitoa doksisaiklini kwa mgonjwa aliyezidiwa, inapunguza siku za kuhara. Kununua vidonge viwili vitatu dukani na kuwagawia watu wa nyumba nzima ni jambo jingine. Nilizitaja pampu za utandoni za kutupa takataka. Pampu za jinsi hiyo hutupa nje dawa pia, na bakteria wa kipindupindu huachiana maandishi ya ukinzani kama majirani wanavyoazimana kinu.

Mlango asioweza kuutupa

Kuna utafiti mmoja ambao kila nikiusoma nafurahi. Kimberley Seed na Andrew Camilli na wenzao, mwaka 2014, walichunguza choo cha wagonjwa wa Haiti na Bangladesh. Wakakuta humo kirusi kinachoua bakteria wa kipindupindu, na kirusi hicho huingia kwa kuushika mlango wa OmpU. Bakteria waliosalimika walikuwa wale walioubadilisha au kuupoteza mlango huo, au waliompoteza bawabu ToxR anayeamuru uwekwe. Walimshinda kirusi. Lakini waliompoteza ToxR hawakuwa tena na silaha kamili ya kukabili utumbo wa mtu mwingine, wakawa wanyonge katika kuambukiza.

Kwa wanaotengeneza dawa na chanjo, hiyo ni habari kubwa. Kitu ambacho adui hawezi kukitupa bila kujilemaza ndicho cha kulenga. Chanjo ya kumeza tuliyopewa Februari 2023 ni bakteria waliouawa, ngozi yao ikiwa ingalipo. Mwili hujifunza kuyatambua yale manyoya ya sukari ya utando wa nje, na kwa watu waliougua wakapona imeonekana kinga yao huitambua OmpU pia. Kinga ikishayashika manyoya na milango, bakteria hugandana, hawaogelei, hawafiki ukutani. Hii nayo ni sehemu ya jibu la mzee: mmoja wa wale watano huenda alishapata chanjo, au aliwahi kuugua kidogo miaka ya nyuma bila kujua, ngozi yake ya ndani ikakumbuka. Na kuna damu. Watu wa kundi la O wakishikwa na kipindupindu hushikwa vikali kuliko wengine, jambo linalojulikana kwa miongo mingi.

Ila chanjo hiyo kwa ukamilifu ni dozi mbili. Oktoba 2022 uhaba duniani ulifanya ziamuliwe kutolewa moja moja, ili wengi wapate angalau kidogo. Dozi moja hulinda kwa muda mfupi zaidi. Aliyemeza mwaka 2023 asihesabu kwamba bado amevaa ngao.

Mtungi, kanga na maiti

Nilisema kwamba mtoni bakteria huyu hujishikiza kwenye viduduvidudu. Ndiyo sababu kuchuja husaidia kuliko unavyodhani. Rita Colwell na wenzake walifanya utafiti katika vijiji 65 vya Matlab, Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2003: wanawake walichuja maji kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa, na kipindupindu kikapungua kwa asilimia 48. Kitambaa hakizuii bakteria mmoja mmoja, kinazuia vyombo walivyopanda. Kanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mara nyingi na kukunjwa mara nne au zaidi, ni kitambaa cha namna hiyo hiyo. Uchuje kwanza, kisha uchemshe au utie dawa ya maji. Hiyo dawa ambayo kijana wa kibandani aliishuku ni klorini, nayo huharibu tando tulizozizungumza na protini zake zote. Haileti kuhara. Watu huiona ikifika kijijini pamoja na ugonjwa, wakadhani imekuja nao.

Juu ya maiti nasema kwa adabu, mimi si sheikh. Aliyekufa kwa kipindupindu hubaki na maji ya utumbo yaliyojaa bakteria hai, na waoshaji wetu hukanda tumbo kama ilivyo desturi. Waitwe kwanza watu wa afya, walete glovu na klorini, na maji ya kuoshea yasimwagwe karibu na kisima wala mtoni. Na wale walioosha wasiende moja kwa moja kupakua pilau ya matanga.

Sababu ya ukali wa hilo ni kwamba bakteria anayetoka kwa mgonjwa si sawa na yule wa mtoni. Mwaka 2002 ilibainika kwamba akitoka utumboni mwa mtu, kwa saa kadhaa anabaki na uwezo mkubwa wa kuambukiza kuliko bakteria aliyekuzwa maabara, kana kwamba bado yuko vitani. Akimezwa na mtu mwingine katika saa hizo, idadi ndogo tu inatosha. Katika kambi za waliohamishwa na mafuriko, vyoo vikiwa vimezama na mahema yamebanana, saa hizo ndizo zinazoamua.

Mzee hakuniuliza zaidi juu ya wale watano ambao hawakuguswa. Wengi wanaommeza bakteria huyu hawaugui kabisa, au hupata harisho la kawaida la siku moja, lakini humtoa chooni kwa siku moja hadi kumi. Inawezekana wote watano walikuwa naye wiki ile, wazima, wanachunga ng'ombe na kusaidia majirani kuhamisha mizigo. Choo chao kilikuwa kimesombwa na maji tangu Aprili.